Kamba, Fimbo na Ndizi Mbivu



Miezi michache iliyopita ukurasa huu ulipokea barua ndefu kutoka kwa mama mmoja wa Bwera, wilayani Kasese. Mume wake ni askari aliye kazini mbali na nyumbani. Mama mwenyewe ni mfanyabiashara mdogo: huchukua chumvi ya Katwe na kuiuza katika soko la Mpondwe, pale mpakani ambapo ndugu zetu wa Kongo huvuka kuja kuuza na kununua. Ana watoto watatu. Wa kwanza, mvulana wa miaka 11, alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na hadi leo hasemi neno linaloeleweka na watu. Jina lake hatulitaji. Mama ametupa ruhusa ya kueleza habari zake, kwa kuwa anaamini kwamba ziko nyumba nyingine zenye shida kama yake.

Shida yenyewe ni hii. Mtoto huyo hujing'ata mkono mpaka damu ikatoka. Mara nyingine humpiga mdogo wake wa kike, au hupiga makelele mpaka majirani wakafika mlangoni. Mama amejaribu kumkanya, kumbembeleza na kumchapa. Siku za soko, kwa kuwa hana wa kumwachia, humfunga kamba ya mguu kwenye nguzo ya kitanda. Kifundo cha mguu kimeota kidonda. Baba naye amepeleka habari kwa simu kwamba atakapokuja likizo atamtia mtoto adabu ya kijeshi. Barua ya mama ilimalizika kwa swali moja tu: nifanye nini kabla baba yake hajarudi?

Swali hilo hatukuweza kulijibu kwa barua moja. Tuliandikiana mara kadhaa, na leo twaleta mbele yenu yale tuliyomshauri na yale yaliyotokea, yaliyofaulu na yasiyofaulu.

TWAANZA NA MWILI

Ushauri wetu wa kwanza haukuwa wa malezi, bali wa hospitali. Mtoto asiyeweza kusema hawezi kukuambia kwamba sikio lamwuma, kwamba jino limeoza, kwamba tumbo lina minyoo au kwamba choo kimekuwa kigumu. Aghalabu atalia, atajipiga kichwa au atajing'ata. Vilevile watoto wengi wenye ulemavu wa akili huwa na kifafa, na kifafa kina dawa zake. Hapana busara kumfundisha mtoto utulivu ilhali jino lamchoma usiku na mchana.

Wakazi wa sehemu hizo wana hospitali ya serikali ya Bwera, na ile ya Kagando iliyo ya Kanisa la Uganda. Mama alimpeleka mwanawe kupimwa. Alionekana kuwa na jino bovu, likang'olewa. Kidonda cha mguu nacho kikasafishwa na kufungwa. Baada ya hapo kujing'ata kulipungua kidogo, lakini hakukwisha. Ndipo tulipoingia katika sehemu ya pili ya kazi.

DAFTARI LA SIKU 7

Askari ajuaye kazi yake hafyatui risasi kabla ya kupeleleza. Hutazama kwanza: adui atoka wapi, saa ngapi, anatafuta nini. Mzazi naye na afanye hivyo, ingawa mtoto wake si adui. Tulimwomba mama achukue daftari, na kwa muda wa siku 7 aandike mambo matatu kila mara mtoto anapojing'ata au kupiga: ni nini kilichotangulia, mtoto alifanya nini hasa, na ni nini kilichofuata mara baadaye. Asiandike kwamba mtoto alikuwa mtukutu, maana neno hilo halitufundishi kitu. Aandike kama aandikavyo askari katika kitabu cha zamu: saa, mahali, tendo.

Daftari liliporudi, lilisema wazi kuliko barua. Mara nyingi mtoto alijing'ata jioni, mama alipokuwa akisonga bundu jikoni au akizungumza na wageni. Je, ni nini kilichofuata? Mama aliacha mwiko, akakimbia, akamshika mikono, akamsemesha kwa ukali au kwa upole, na mara nyingi akampa ndizi mbivu ili anyamaze. Mara nyingine mtoto alipiga kelele na kumpiga mdogo wake asubuhi, wakati wa kuoga maji baridi. Je, ni nini kilichofuata? Mama aliona afadhali amwache asioge siku hiyo.

Tazameni sasa, ndugu wasomaji. Mtoto huyu hakuwa na wazimu wala pepo. Alikuwa amejifunza somo, na mwalimu wake alikuwa mama yake mwenyewe bila ya kujua. Somo la jioni lilikuwa: ukijing'ata, mama huja na ndizi huja. Somo la asubuhi lilikuwa: ukipiga, maji baridi huondoka. Kwa mtoto asiye na maneno, meno na ngumi vilikuwa ndiyo lugha yake. Hata kiboko kilikuwa sehemu ya somo hilo, kwani mama anayechapa ni mama aliyekuja.

WATAALAMU WASEMA NINI

Jambo hili si dhana ya ukurasa huu. Mwaka 1949, nchini Marekani, mtaalamu aitwaye Paul Fuller aliandika habari za kijana wa miaka 18 aliyekuwa amelala tu, ambaye watu walidhani hawezi kujifunza lolote. Fuller alimpa maziwa ya sukari kidogo kila alipoinua mkono wa kulia. Baada ya muda mfupi kijana huyo alianza kuuinua mkono mara nyingi zaidi kuliko mwanzo. Jambo lilikuwa dogo, lakini lilivunja kauli kwamba wapo binadamu wasiofundishika.

Kanuni hiyo ilikuwa imechunguzwa hasa na B. F. Skinner, aliyefariki mwaka 1990: tendo lifuatwalo mara na jambo zuri hurudiwa, na tendo lisilofuatwa na faida hupungua. Wataalamu huita jambo hilo kuimarisha tabia. Kisha mwaka 1982, Brian Iwata na wenzake mjini Baltimore walitoa uchunguzi wao juu ya watu 9 wenye ulemavu wa ukuaji waliokuwa wakijiumiza. Waliona kwamba sababu si moja kwa wote. Wako waliojiumiza ili watazamwe, wako waliojiumiza ili waachishwe kazi, na wako waliofanya hivyo hata wakiwa peke yao. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand wakaonyesha, kwa watoto 4, kwamba mtoto akifundishwa njia nyingine ya kuomba kile kile alichokuwa akikitafuta kwa fujo, fujo hupungua sana.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki kanuni hii ya malipo ya mara moja yafanya kazi nyingine ambayo askari wetu wataipenda. Kule Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Panya anaponusa sawasawa husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula. Hapigwi. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia na kugundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, akatunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Hatusemi kwamba mtoto ni kama mnyama. Twasema tu kwamba ikiwa kazi ya hatari kama hiyo hufundishwa kwa malipo na subira, si vema tudhani kwamba mtoto wetu hufundishika kwa kiboko tu.

NENO MAHALI PA MENO

Tulimshauri mama amfundishe mwanawe ishara tatu, si zaidi. Ya kwanza: kugusa bega la mama mara mbili, maana yake njoo kwangu. Ya pili: kunyosha kiganja wazi, maana yake nataka ndizi. Ya tatu: kuinua mkono juu, maana yake nipumzike kidogo.

Ishara hufundishwa wakati wa utulivu, si wakati wa ghasia. Mama alikaa karibu na mtoto kabla ya saa ya kupika, akiwa na ndizi iliyokatwa vipande vidogo. Aliushika mkono wa mtoto kwa upole, akaunyosha kiganja, na papo hapo akampa kipande akisema, "Vizuri, umeomba!" Alifanya hivyo mara 10, kisha akapumzika. Siku zilizofuata alipunguza msaada kidogo kidogo: kwanza alimshika mkono wote, halafu kiwiko tu, halafu akamngoja.

Shuruti tatu zilikuwa lazima zishikwe. Kwanza, jibu lije upesi. Mtoto wa namna hii hawezi kuunganisha tendo la asubuhi na zawadi ya jioni. Pili, katika siku za mwanzo ishara ijibiwe kila mara, hata ikiwa mama ana mgeni. Ishara isipoleta kitu, mtoto atarudi kwenye meno, ambayo huleta. Tatu, mtoto asifiwe anapokuwa mtulivu, hata kama hajaomba kitu. Wazazi wengi tuna kasoro hii: mtoto akitulia twashukuru Mungu na kumwacha, akifanya fujo twamkimbilia. Mama wa Bwera alianza kumpitia mwanawe kila baada ya dakika 5 wakati wa kupika, akimgusa kichwa na kumsemesha. Baada ya juma moja ikawa dakika 10, kisha 15.

Na kuoga je? Hapo mama alipasha maji moto. Alianza na miguu peke yake, akamfundisha kuinua mkono, akampa mapumziko, kisha akaendelea. Mtoto aliyejua kwamba anaweza kuomba mapumziko hakuwa na haja ya kumpiga mtu ili ayapate.

Mtoto anapojing'ata, mama hakutakiwa kupiga kelele wala kumpa ndizi. Alitakiwa kuweka mkono wake katikati kwa upole ili ngozi isiumie, bila maneno na bila kumkazia macho, angoje utulivu wa muda mfupi, amsaidie kufanya ishara, ndipo ampe anachoomba. Twatahadharisha: mtoto anayejipiga kichwa ukutani au kujitoboa macho asiachwe hata kidogo kwa sababu ya masomo haya. Mkingeni kwa mto au blanketi, na mpelekeni hospitali.

UJIRA SI RUSHWA

Twajua kwamba baadhi ya akina baba watasema: huku si kumhonga mtoto? La, ndugu zetu. Rushwa hutolewa ili mtu anyamaze au aache wajibu wake. Ujira hutolewa baada ya kazi njema. Ndizi iliyotolewa mtoto akiwa anajing'ata, ili anyamaze, hiyo ndiyo iliyokuwa rushwa, na mtoto aliitoza kila jioni. Ndizi inayotolewa baada ya kunyosha kiganja ni ujira wa halali. Askari gani angeendelea kukesha katika lindo kama mshahara usingekuja, na kama mkuu wake asingemwambia hata siku moja kwamba amefanya vema?

Tena ujira si chakula peke yake. Wako watoto wapendao kubembea, kusikiliza redio, kushika kitambaa laini au kupigiwa makofi. Mzazi atazame mtoto wake hupenda nini. Lakini asimnyime mtoto mlo wake, maji wala usingizi ili zawadi iwe tamu. Huo ni ukatili, si mafunzo.

SIKU YA TATU

Siku ya tatu mama alituandikia kwa huzuni. Mambo yalikuwa mabaya kuliko mwanzo. Jioni hiyo mtoto alijing'ata mara nyingi kuliko siku yoyote iliyoandikwa daftarini. Majirani walisema kwamba ushauri wa gazeti umemharibu mtoto.

Tulikuwa tumelitazamia jambo hilo, na kosa letu ni kwamba hatukumwonya mapema. Mtu aliyezoea mlango unaofunguka kwa kuusukuma, siku ukikwama hausukumi polepole. Husukuma kwa bega, kisha kwa teke. Ndivyo afanyavyo mtoto ambaye njia yake ya zamani imefungwa. Tabia huzidi kabla ya kupungua. Hatari iko hapo: mzazi akichoka siku hiyo na kutoa ndizi, atakuwa amemfundisha mtoto kwamba inabidi kujing'ata zaidi, na kwa muda mrefu zaidi. Mcheza kamari naye haachi meza kwa sababu huwa anashinda mara moja moja. Kwa hiyo tulimwomba mama ashike uzi ule ule, amkinge mtoto asijiumize, na aongeze mafunzo ya ishara wakati wa utulivu. Mwisho wa juma la pili, alama katika daftari zilikuwa zimepungua, na mara ya kwanza mtoto alikuja jikoni, akagusa bega la mama mara mbili, akakaa chini.

KAMBA

Kulibaki siku ya soko. Hapa maneno matupu hayafai, maana chumvi isipouzwa watoto hawali. Tulimwuliza mama: ni nani kati ya majirani ambaye mtoto humwendea mwenyewe? Alimtaja mama mzee wa nyumba ya pili. Mzee huyo alifundishwa ishara tatu, akakaa na mtoto kwa nusu saa, kisha saa nzima, mama akiwa karibu, kabla ya kuachiwa siku nzima. Kwa malipo mama humpelekea chumvi na samaki. Siku nyingine mama huenda na mtoto sokoni mapema, kabla ya msongamano, akimbebesha kikapu kidogo. Mikono yenye kazi haiendi mdomoni.

Wazazi wanaoishi katika kambi na kota za polisi wana jambo la kuwafaa hapa. Nyumba zimekaribiana, na shida ya mmoja husikika kwa wote. Lakini ukaribu huo huo ni hazina. Mtoto akijibiwa kwa njia moja na mama, dada, shangazi na jirani, hujifunza upesi. Mmoja akimpa ndizi ili anyamaze, kazi ya juma zima huharibika. Basi kaeni pamoja, mkubaliane.

Tusisahau kwamba kumfunga mtoto kuna hatari nyingine: moto ukizuka nyumbani, hana pa kukimbilia. Na tena kuna sheria. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 35, yasema kwamba watu wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa na kutunziwa utu wao. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na mwaka 2020 ikapata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu. Mabadiliko ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalipiga marufuku viboko shuleni. Hatulitaji hili ili kumtisha mama aliyekosa msaada. Lawama ya kamba ile haikuwa yake peke yake, bali ilikuwa pia ya sisi tuliopita mlangoni bila ya kuuliza hali. Twalitaja ili wote tujue kwamba mtoto huyu ni raia.

BABA ALIPORUDI

Baba alikuja likizo. Mama atuambia kwamba jioni ya kwanza alikaa kwenye kiti akimtazama mwanawe kama atazamavyo mgeni. Mtoto alimwendea mama, akagusa bega, akapewa nafasi ya kukaa. Baba akauliza, "Huyo anafanya nini?" Mama akajibu, "Baba, anasema." Hakuamini. Alisema ni mazoea tu, na kwamba mtoto wa kiume halelewi kwa ndizi. Lakini mama alimpa daftari alisome. Kwa kuwa ni askari aliyezoea taarifa za kila siku, alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, toka alama nyingi za juma la kwanza hadi chache za juma la sita.

Siku ya nne mtoto alimwendea baba mwenyewe, akamgusa bega mara mbili. Mama aandika kwamba baba hakusema neno, ila alisogea akampisha kwenye kiti. Fimbo aliyoikata njiani haikutumika.

Hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yamekwisha. Mtoto yule hatasema kama wenzake, pengine maisha yake yote. Radi zikipiga juu ya Rwenzori bado hujing'ata, na siku akiugua hurudi nyuma. Ishara ya kupumzika wakati wa kuoga aliielewa haraka kuliko ile ya kiganja, na mara nyingine huzichanganya. Mdogo wake wa kike aliona wivu, ikabidi naye atengewe wakati wake na mama kila jioni. Hiyo ndiyo kazi yenyewe: haba na haba.

Kwa wazazi wenye watoto wadogo wa namna hii, Shirika la Afya Duniani limetunga mafunzo kwa ajili ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa kukua, yanayofuata njia kama hii ya michezo, ishara na sifa. Waulizeni wauguzi wa hospitali iliyo karibu, au afisa wa maendeleo ya jamii katika tarafa yenu, kama yanapatikana. Msipoyapata, anzeni na daftari. Gharama yake ni ndogo, na litawaambia mengi ambayo kiboko hakitawaambia kamwe.

Mama wa Bwera alimaliza barua yake ya mwisho kwa kutuarifu habari ya ile kamba. Ameifunga uani, kutoka kwenye mti hadi kwenye nguzo ya jiko, naye huanika nguo juu yake.